Uji Ushike Kijiko

Katika vyumba vya kupanga vya Kwa Vonza, Kitui, karibu na bewa kuu la chuo kikuu cha SEKU, wapo wanafunzi wanaosoma huku wakilea. Wapo pia mjini Wote, Makueni, kwenye bewa jingine la chuo hicho. Huniuliza wafanye nini mkopo wa masomo wa HELB usiishe na mtoto hajashiba. Mimi huomba kwanza nionyeshwe uji.

Nachota, nainamisha kijiko, uji unamwagika kama chai. Mama ameuongeza maji ili unga ufike Ijumaa. Namwelewa kabisa, lakini hapo ndipo mtoto anapopunjika. Tumbo lake hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 anajazwa na mililita 240, kama kikombe kimoja cha chai. Maji yakichukua nafasi hiyo, atanyamaza, atalala, na kliniki watakuta kilo hazijapanda. Baada ya miezi 6, uji ushike kijiko. Vijiko vichache vizito, juu ya maziwa ya mama ambayo aendelee kunyonya, vinamfaa kuliko bakuli zima la uji mwepesi.

Cha kuutia nguvu kimejaa Ukambani: ndengu. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha mpaka zilainike, ponda, kisha koroga kwenye uji pamoja na mafuta kidogo. Kuloweka huokoa makaa, na pia hupunguza kemikali za ndengu zinazouzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Embe la Makueni lililopondwa, msimu unapofika kuanzia Desemba, huleta vitamini C inayosaidia ufyonzaji huo. Majani machanga ya kunde nayo ni mboga ya maana sana. Njugu ni nzuri, ila zisagwe, nzima zitampalia.

Tatizo gumu zaidi ni kalenda. HELB huingia kwa muhula, mtoto hula kila siku. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo la mkulima wa huku, kwa hiyo ndengu hujaa sokoni Januari na Februari, wakati wazazi wanauza ili walipe karo. Bei hushuka. Ukiwa na pesa wakati huo, lipa kodi ya nyumba, kisha nunua ndengu kwa gorogoro, za miezi kadhaa.

Zianike mpaka ukiziuma zivunjike kwa mlio. Zijaze hadi shingoni katika mitungi midogo mikavu, isiyowahi kuwekwa mafuta ya taa wala dawa, ufunge kifuniko kwa nguvu. Wadudu waliomo watamaliza hewa na kufa. Ukifungua kila siku unawarudishia hewa, ndiyo maana nasema mitungi midogo: mmoja wa jikoni, mingine chini ya kitanda, na wa pili usiguswe mpaka wa kwanza uishe.