Rekodi za Wagombea Kuhusu Uhamiaji: Funzo la Obama na McCain

Mgombea anapoahidi kurekebisha sheria za uhamiaji, mpiga kura huwa na vipimo viwili mkononi: maneno yanayosemwa jukwaani, na kumbukumbu za yale ambayo mgombea huyo amekwisha kuyatenda alipokuwa na madaraka. Kipimo cha pili ndicho kinachoaminika zaidi, lakini hakisomeki kwa urahisi, na uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2008 unaonyesha kwa nini. Wagombea wawili waliofika mwisho wa safari, John McCain wa chama cha Republican na Barack Obama wa chama cha Democratic, walikuwa wote maseneta, hivyo kura walizopiga kuhusu uhamiaji zilikuwa zimeandikwa kwa jina na tarehe. Zaidi ya hayo, yaliyofuata baada ya uchaguzi huo yanajulikana: mmoja alitawala kwa miaka minane, na mwingine alibaki katika Seneti hadi alipofariki Agosti 2018, kwa hiyo msomaji wa leo anaweza kulinganisha yale ambayo rekodi zao zilidokeza na yale waliyoyafanya kweli.

Suala lililowakabili lilianza zamani. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa ukaazi halali wahamiaji wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi Marekani bila vibali, na sheria hiyohiyo ikawapiga marufuku waajiri kuwaajiri kwa makusudi watu wasio na ruhusa ya kufanya kazi. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa, lakini ya pili ilikosa nguvu, kwa sababu mwajiri alitakiwa tu kukagua hati zinazoonekana kuwa halali, wala hakulazimika kuthibitisha kama ni za kweli. Kazi za mashambani, za ujenzi na za usafi ziliendelea kuwavuta watu, na kufikia mwaka 2007 wakaazi wasio na hati walikadiriwa kuwa milioni 12. Kutokana na hali hiyo likazuka wazo la mageuzi ya jumla, yaani sheria moja inayounganisha ulinzi wa mipaka, ukaguzi wa waajiri, vibali vya muda kwa wafanyakazi wa kigeni, na njia ya uraia kwa wale waliokwisha kukita mizizi nchini humo. Waliolipinga waliiita njia hiyo ya uraia msamaha kwa wavunja sheria, na neno msamaha likawa silaha kali katika kila kampeni iliyofuata.

Kwa upande wa McCain, rekodi ilikuwa ndefu na yenye ushujaa. Akiwa seneta wa Arizona, jimbo linalopakana na Mexico, aliungana Mei 2005 na Edward Kennedy, mmoja wa vigogo wa chama pinzani, kuwasilisha muswada wa mageuzi ya jumla ulioruhusu wafanyakazi wa muda na kuwafungulia wasio na hati mlango wa ukaazi baada ya kulipa faini na kodi. Alifanya hivyo akijua kwamba wapiga kura wengi wa chama chake hawakutaka kusikia habari hizo, na kweli, Desemba mwaka huohuo, Baraza la Wawakilishi lililoongozwa na chama hicho lilipitisha muswada wa kinyume kabisa, ambao ungefanya kuishi Marekani bila kibali kuwa kosa kubwa la jinai. Muswada huo ulisababisha maandamano makubwa ya wahamiaji katika miji mingi majira ya kuchipua ya mwaka 2006.

Rekodi ya Obama ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa aliingia Seneti Januari 2005 tu. Hata hivyo haikuwa tupu: alishiriki kuandaa sehemu ya muswada wa mageuzi ya jumla iliyohusu mfumo wa kuthibitisha uhalali wa wafanyakazi, na katika mdahalo wa Novemba 2007 aliunga mkono kuwapa leseni za udereva watu wasio na hati, msimamo ambao wanasiasa wengi wa wakati huo waliukwepa kwa kuogopa hasira za wapiga kura.

Mtu akilinganisha kura za mwisho peke yake, hataona tofauti kati ya wawili hawa. Mei 2006 Seneti ilipitisha muswada wa mageuzi ya jumla kwa kura 62 dhidi ya 36, na wote wawili wakaukubali, ingawa Baraza la Wawakilishi halikuujadili kamwe. Miezi michache baadaye ililetwa sheria ya kujenga uzio wa takriban maili 700 kwenye mpaka wa Mexico, ikapita katika Seneti kwa kura 80 dhidi ya 19, na wote wawili wakaikubali tena. Juni 2007, jaribio jingine la mageuzi ya jumla lililoungwa mkono na Rais George W. Bush lilifikishwa kwenye kura ya kufunga mjadala. Kwa kanuni za Seneti yenye wajumbe 100, muswada wenye upinzani huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na uamuzi ufanyike. Muswada huo ulipata 46 tu dhidi ya 53, ukafa. Obama na McCain walikuwa pamoja miongoni mwa wale 46.

Tofauti iko katika hatua za kati. Kabla ya kura hiyo, Seneti ilipiga kura kuhusu pendekezo la seneta Byron Dorgan la kuufuta mpango wa wafanyakazi wa muda baada ya miaka mitano, nalo likapita kwa kura 49 dhidi ya 48, Obama akiwa mmoja wa walioliunga mkono. Vyama vya wafanyakazi vilihofia kwamba wageni wenye vibali vya muda, wasioweza kubadili mwajiri kwa urahisi wala kudai haki zao, wangeshusha mishahara ya wote. Waajiri wakubwa, kwa upande wao, walikuwa wameukubali muswada kwa sababu ya mpango huohuo. Aliyeondoa kipengele hicho alitetea maslahi halali ya wafanyakazi, na papo hapo alidhoofisha nguzo mojawapo ya mapatano yaliyoubeba muswada mzima. Mwaka 2008 kampeni ya McCain ilitumia jambo hilo kumlaumu Obama, katika tangazo la Kihispania, kwamba yeye na wenzake ndio walioyaua mageuzi, madai yaliyotia chumvi, kwa kuwa wengi wa maseneta waliopiga kura ya kuuzuia muswada walitoka chama cha McCain mwenyewe.

Rekodi ya McCain nayo ilikuwa imeanza kuyumba. Januari 2008, wakati wa mchujo wa kumpata mgombea wa chama chake, aliulizwa katika mdahalo kama angeupigia kura muswada wake mwenyewe iwapo ungerudishwa, akajibu kwamba asingeupigia, kwa hoja kwamba wananchi walitaka mpaka ulindwe kwanza. Miezi mitatu kabla ya hapo Seneti ilikuwa imepiga kura ya kufunga mjadala kuhusu muswada wa kuwapa ukaazi vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto, wakasoma huko na kukulia huko. Kura 52 zilikubali na 44 zilikataa, hivyo muswada ukakwama chini ya 60. Obama aliunga mkono, naye McCain hakupiga kura. Kutokuwepo kwa mjumbe siku ya kura nako ni sehemu ya rekodi yake, hasa anapokuwa kiongozi mashuhuri wa jambo lenyewe.

Obama aliingia kwenye uchaguzi akiwa ameahidi kwamba muswada wa mageuzi ungewasilishwa katika mwaka wake wa kwanza madarakani. Wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kilatini walimpa takriban asilimia 67 ya kura zao, na McCain asilimia 31. Mwaka wa kwanza ulipita ukitawaliwa na msukosuko wa uchumi na vita vya kisiasa kuhusu bima ya afya, na muswada wa uhamiaji haukufika kwenye kura. Wakati huohuo serikali yake ilipanua mpango, ulioanzishwa mwishoni mwa utawala wa Bush, wa kupeleka alama za vidole za watu waliokamatwa na polisi wa kawaida kwenye idara ya uhamiaji, na hivyo kosa dogo la barabarani likaweza kumfikisha mtu uwanja wa ndege. Katika mwaka wa fedha wa 2012 peke yake zaidi ya watu 400,000 waliondoshwa nchini. Hakuna kura yoyote ya Obama katika Seneti ambayo ingemtabiria msomaji idadi hiyo, kwa sababu seneta hapewi nafasi ya kupiga kura kuhusu namna sheria iliyopo inavyotekelezwa, ilhali rais huamua jambo hilo kila siku.

McCain naye alikabiliwa na mchujo mkali mwaka 2010, aliposhindania kiti chake na mpinzani aliyemshambulia kwa kuwa mpole kwa wahamiaji. Mwaka huo aliunga mkono sheria ya Arizona iliyowataka polisi kukagua hati za watu waliowashuku kuwa hawana vibali, sheria ambayo serikali ya Obama iliishtaki mahakamani na ambayo sehemu tatu kati ya nne zilizopingwa zilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2012. Desemba 2010 muswada wa vijana ulirudi Seneti ukiwa umekwisha kupita katika Baraza la Wawakilishi, ukapata kura 55 dhidi ya 41, na McCain akaukataa. Lakini Obama hakuangushwa na wapinzani peke yao, kwani maseneta watano wa chama chake nao waliukataa, na kura zao tano ndizo zilizopungua kufikia 60.

Katika kitambo cha miaka mitatu mambo yalibadilika tena. Mwaka 2013 McCain, akiwa amekwisha kushinda kiti chake na uchaguzi wake mwingine ukiwa mbali, alikuwa miongoni mwa maseneta wanane wa vyama vyote viwili walioandika muswada mpya wa mageuzi ya jumla, uliopita katika Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32 na kukwama pale Baraza la Wawakilishi lilipokataa kuupigia kura. Obama, kwa upande wake, alikuwa ametangaza Juni 2012, miezi mitano kabla ya uchaguzi wa muhula wake wa pili, mpango wa kuwaahirishia vijana walioletwa wakiwa watoto adhabu ya kuondoshwa na kuwapa kibali cha kazi cha miaka miwili miwili. Mpango huo umewaokoa mamia ya maelfu ya vijana, lakini kwa kuwa ni uamuzi wa serikali na si sheria ya bunge, umekuwa ukiburutwa mahakamani miaka nenda miaka rudi. Mpango wa pili wa aina hiyo, uliotangazwa Novemba 2014 kwa ajili ya wazazi, ulizuiwa na mahakama kabla haujaanza.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, hadithi hii ina sehemu inayowagusa moja kwa moja. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ilianzisha bahati nasibu ya viza, iliyotengewa hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi zenye wahamiaji wachache Marekani, na kwa watu wengi wa Kenya na Tanzania wasio na jamaa huko wala mwajiri wa kuwaita, huo umekuwa mlango wa pekee unaoonekana. Obama aliposhinda, Kenya, nchi ya baba yake, ilitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu. Hata hivyo, muswada wa mwaka 2013, ulioandikwa na McCain pamoja na wenzake na kuungwa mkono na Obama, ungeifuta bahati nasibu hiyo na kuweka mahali pake mfumo wa alama unaopendelea elimu na ujuzi. Undugu wa damu na furaha ya ushindi havikuwa na uzito wowote katika kifungu hicho. Aliyetaka kujua mlango wa Waafrika ungekuwaje alipaswa kusoma muswada wenyewe.

Kutokana na haya yote, anayelinganisha rekodi za wagombea anahitaji kuuliza zaidi ya kura ya ndiyo au hapana. Aangalie vipengele ambavyo mgombea alivibadilisha kabla ya kura ya mwisho, kwa maana huko ndiko anakofichua anamtetea nani. Atazame pia siku ambazo mgombea hakuwepo, na aweke kando ya kila kura kalenda ya uchaguzi wa mgombea huyo, ili ajue ni misimamo ipi aliishika ilipomgharimu na ipi aliiacha ilipokuwa ghali. Mwisho atenganishe yale ambayo cheo kinachoombwa kinaweza kuyafanya peke yake, kama vile kuongeza au kupunguza uondoshaji wa watu, na yale yanayohitaji kura 60 za Seneti na ridhaa ya Baraza la Wawakilishi. Kwa kipimo hicho, rekodi za Obama na McCain zilitabiri vizuri upande ambao kila mmoja angeelemea akiwa huru, na zilitabiri vibaya ni lini angekuwa na ujasiri wa kuelemea huko.

Uangalifu huo ni wajibu hasa kwa sababu wanaobeba matokeo hawana sauti katika uamuzi. Kijana aliyevushwa mpaka akiwa na miaka mitatu, akasoma shule zote huko, anayefanya kazi na kulipa kodi kwa kibali cha miaka miwili, haruhusiwi kumchagua rais atakayeamua kama kibali hicho kitaongezwa. Usalama wake umo mikononi mwa majirani wenye kadi za kupigia kura, nao wakiridhika na maneno ya jukwaani wakati kumbukumbu ziko wazi mbele yao, watakuwa wameamua maisha ya mtu mwingine bila kusoma faili lake.