Sifuri Inayopotea Kwenye Mizani

Wilayani Rungwe, mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa kilo za majani mabichi. Namba inayosomwa kwenye mizani ndiyo jasho lake la siku nzima. Tuseme mizani ya kituo kimoja jirani na Tukuyu ni ya kidijitali, na ndani yake mna chipu kama ATmega328, yenye kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Uzito unafikaje kwenye kioo?

Lugha ya programu ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina amri ya printf inayoweza kuandika namba za kila aina. Uwezo huo wote unakula nafasi, ilhali mizani inahitaji kuandika uzito tu. Fundi anaweza kuiandika kazi hiyo mwenyewe kwa mistari michache.

Chukua gramu 237. Ndani ya chipu zimehifadhiwa kama biti 11101101. Humo hamna 2, 3 wala 7. Gawa 237 kwa 10: unapata 23, baki 7. Gawa 23: unapata 2, baki 3. Gawa 2: unapata 0, baki 2. Kila baki liongezee 48, kwa sababu katika jedwali la ASCII alama ya sifuri ni namba 48. Tarakimu hutoka kinyumenyume, ya mwisho ikitangulia, kwa hiyo nafasi zake hujazwa kuanzia kulia.

Hatari iko kwenye nukta inayotenga kilo na gramu. Gramu 23,070 ukizigawa kwa 1,000 unapata 23, baki 70. Programu ikiandika 70 hivyo hivyo, kioo kitaonyesha kilo 23.70, na gramu 630 zisizokuwepo zitalipiwa. Dawa ni kuandika tarakimu tatu daima: 23.070.

Mtego wa pili humwumiza mkulima. Namba ya biti 16 inayokubali hasi huishia 32,767. Likipandishwa gunia la kilo 33, gramu zake zitasomeka -32,536. Hapo zinatakiwa biti 32.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani kwa mawe ya uzito unaojulikana. Fundi naye aanze hivyo: aweke kilo 23 na gramu 70, kisha kilo 33, asome kioo kwa macho ya mkulima.