Fahamu: Chemirocha, wimbo wa wasichana wa Kapkatet
Kuna michezo ya jukwaani inayojengwa kwa nyimbo ambazo watazamaji wanazijua tayari. Mamma Mia!, iliyoanza London mwaka 1999, inatumia nyimbo za ABBA. The Marvelous Wonderettes ya Marekani inawarudisha watu kwa wasichana wanne wa sekondari mwaka 1958.

Nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, Kenya, ina hazina ya zamani zaidi. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba juu ya Chemirocha. Huyo, kwa matamshi yao, ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake ziliwafikia kwa gramafoni. Wakamfanya nusu mtu, nusu swala, wakamwalika acheze. Kinachonigusa ni kwamba hawakumwiga mgeni. Walimwimba kwa sauti zao, kwa chepkong, ala yao ya nyuzi.

Katika muongo wa 2010, rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis kutoka ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini. Shule za wasichana za Kericho na Bomet zina kila sababu ya kuzipandisha jukwaani kwenye tamasha la drama.