Anwani nyingi za barua pepe ndani ya programu moja

Mtu anayeishi ughaibuni mara nyingi huwa na anwani zaidi ya moja ya barua pepe. Ipo ile aliyoifungua kabla ya kuondoka nyumbani, ambayo ndugu na marafiki wa zamani wanaendelea kuitumia. Ipo ya chuo alikosoma, ipo ya kazini, na pengine ipo ya nne aliyoiandika katika fomu za benki, za uhamiaji na za shule ya watoto.

Kila anwani ina neno lake la siri na ukurasa wake wa kuingilia. Anwani isiyofunguliwa kwa wiki mbili inaweza kuwa na barua iliyolala humo bila kusomwa, na baadhi ya barua hazingoji. Barua ya kumwita mtu kwenye mahojiano ya viza, kwa mfano, ina tarehe na saa yake.

Programu za barua pepe zinazowekwa ndani ya kompyuta, kama vile Thunderbird, Outlook na ile ya Mail iliyomo katika kompyuta za Apple, zinaweza kumwondolea mtu usumbufu huo. Hukusanya akaunti zote katika dirisha moja, na mwenye kompyuta akasoma na kujibu bila kuhama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Hata hivyo, kuziona barua pamoja si sawa na kuzihifadhi pamoja. Wengi huijua tofauti hiyo siku ambayo akaunti mojawapo inafungwa, na barua za miaka mingi zinatoweka nayo.

Kutoka anwani moja hadi nyingi

Barua pepe ya kwanza kupita kwenye mtandao, kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ilitumwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson. Ni yeye aliyeichagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyekuwa na barua pepe alikuwa na anwani moja tu, nayo ilitolewa na chuo, ofisi au kampuni iliyomuunganisha na mtandao.

Mambo yalibadilika mwezi Julai mwaka 1996 ilipozinduliwa Hotmail, na mwaka uliofuata ilipoanza huduma ya barua pepe ya Yahoo. Sasa mtu aliweza kufungua anwani bila malipo, na kuisoma kutoka kompyuta yoyote duniani, ikiwa ni pamoja na ile ya kukodi kwa dakika katika mkahawa wa intaneti.

Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo. Hotmail ilitoa megabaiti 2 tu, hivyo watu walilazimika kufuta barua za zamani ili mpya zipate kuingia. Tarehe 1 Aprili mwaka 2004, Google ilizindua Gmail ikiwa na gigabaiti 1, yaani nafasi kubwa mara mia kadhaa. Tangu hapo watu wakaacha kufuta, na masanduku ya barua pepe yakawa kumbukumbu za maisha: picha za harusi, vyeti, risiti na salamu za waliokwishafariki.

Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 2004 lilitoka toleo la kwanza kamili la Thunderbird, programu ya Wakfu wa Mozilla. Hutolewa bila malipo hadi leo, na hufanya kazi katika kompyuta za Windows, Apple na Linux. Ndiyo inayotumiwa kama mfano katika maelezo haya, ingawa kanuni zake hazitofautiani sana na za programu nyingine.

Barua inakaa wapi?

Swali la kwanza la kujiuliza kuhusu kila akaunti ni mahali barua zake zinapokaa. Jibu hutegemea njia ambayo programu inatumia kuzungumza na seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotoa huduma ya barua. Njia hizo ni mbili: POP, ambayo ilianza mwaka 1984, na IMAP, ambayo ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986.

POP hufanana na sanduku la posta kama lilivyozoeleka Afrika Mashariki. Mwenye sanduku huenda posta na ufunguo wake, akachukua barua zote, akarudi nazo nyumbani. Sanduku hubaki tupu, na barua sasa ziko kabatini kwake. Nyumba ikiungua, barua zimeungua. Vivyo hivyo, kompyuta ikiibiwa au diski yake ikiharibika, barua zilizochukuliwa kwa POP hupotea, isipokuwa kama mwenyewe aliiagiza programu iache nakala kwenye seva.

IMAP ni kama kuzisomea barua palepale posta. Barua hubaki kwenye seva, na kila kifaa, iwe ni kompyuta ya mezani au simu ya mkononi, huonyesha zilezile. Iliyosomwa kwenye simu huonekana imesomwa kwenye kompyuta. Lakini pia iliyofutwa kwenye kompyuta imefutwa kwenye simu, na posta yenyewe ikifunga milango, hakuna kilichobaki cha kutegemea.

Kwa anayetumia simu na kompyuta kwa pamoja, IMAP ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku.

Kuunganisha akaunti

Kuongeza akaunti katika Thunderbird hakuhitaji utaalamu. Mtu huandika jina lake na anwani yake, na programu huitafuta yenyewe mipangilio ya seva za kampuni kubwa zinazojulikana. Akaunti ya pili na ya tatu huongezwa kwa njia hiyohiyo, na kila moja hujitokeza upande wa kushoto wa dirisha ikiwa na folda zake.

Jambo moja limebadilika, nalo limewatatiza wengi waliozoea programu za zamani. Zamani programu ilipewa neno la siri, ikalipeleka moja kwa moja kwenye seva. Google iliacha kuruhusu utaratibu huo kwa akaunti nyingi za watu binafsi tarehe 30 Mei mwaka 2022, na Microsoft ikafuata kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba mwaka 2024.

Siku hizi hufunguka dirisha la kampuni yenyewe, mtu akaingia humo na kuipa programu ruhusa ya kusoma barua zake. Programu isiyojua utaratibu huo hukataliwa, na mtumiaji huambiwa kuwa neno lake la siri si sahihi hata kama hajakosea herufi moja. Dawa yake ni kuweka toleo jipya la programu, si kubadilisha neno la siri mara kwa mara.

Sanduku la pamoja na hatari zake

Thunderbird inaweza kuonyesha barua zinazoingia katika akaunti zote kwenye folda moja ya pamoja. Asubuhi mtu hufungua mahali pamoja tu, na barua za nyumbani, za kazi na za benki hupangwa kwa tarehe. Barua zenyewe hazijahama; kila moja ingali katika akaunti yake.

Urahisi huo una hatari mbili. Ya kwanza ni kujibu kwa anwani isiyo sahihi. Barua ya kuomba kazi mpya ikitumwa kwa anwani ya mwajiri wa sasa, haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, inafaa kutazama mstari wa juu kabisa wa barua, unaoonyesha jina la mtumaji. Kila akaunti pia inaweza kupewa saini yake, ili macho yatambue upesi ni anwani gani inayotumika.

Hali kadhalika, kila akaunti ipangiwe kutuma kupitia seva yake yenyewe. Barua yenye anwani ya kampuni moja inayopitia seva ya kampuni nyingine hutiliwa shaka, na tangu Februari mwaka 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya kuthibitisha inakotoka barua. Barua isiyothibitishwa inaweza kuishia miongoni mwa barua taka bila mtumaji kujua.

Hatari ya pili ni ulaghai. Mtu aliyeipa benki yake anwani moja tu hana sababu ya kupata barua ya benki hiyo katika anwani nyingine. Barua ya namna hiyo ikiingia katika anwani ya chuo au ya zamani, hiyo ni dalili ya udanganyifu. Katika sanduku la pamoja dalili hiyo hufichika, kwa sababu barua zote zinafanana. Kabla ya kubofya kiungo chochote au kutuma fedha, ni vyema kutazama barua ilitumwa kwa anwani ipi.

Akaunti zinapofungwa

Anwani ya chuo kwa kawaida ni ya muda, na ya kazini hufungwa mkataba unapokwisha, wakati mwingine siku hiyohiyo. Anwani za bure nazo hazidumu zikiachwa. Google ilitangaza mwaka 2023 kuwa inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2, na Yahoo huweza kufunga sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12.

Hapa ndipo tofauti kati ya kuona na kuhifadhi inapokuwa na uzito. Barua za akaunti ya IMAP zinazoonekana kwenye kompyuta zinategemea seva. Anayetaka kubaki nazo anapaswa kuzinakili, kabla ya siku ya kufungwa, kwenda katika folda zilizo ndani ya kompyuta yake, ambazo Thunderbird huziita Local Folders. Achague kunakili badala ya kuhamisha, kisha azime intaneti na kufungua barua chache pamoja na viambatisho vyake, ili kuhakikisha kuwa kweli zimefika.

Barua za kazini zina sheria zake. Kwa kawaida mwajiri huzihesabu kuwa mali yake, na wengi hukataza akaunti ya kazi kuunganishwa katika kompyuta ya nyumbani. Ruhusa iombwe kwanza, na mambo binafsi yasipitishwe katika anwani hiyo tangu mwanzo.

Kuna pia jambo ambalo husahauliwa. Anwani inayokaribia kufungwa inaweza kuwa ndiyo iliyoandikwa benki, au ndiyo inayotumiwa kurejesha neno la siri la anwani nyingine. Ikifa hiyo, mlango wa nyingine nao unaweza kufungwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kunakili barua, ni kuingia katika kila huduma muhimu na kuandika anwani mpya.

Ulinzi ndani ya nyumba

Programu iliyokusanya akaunti nne imekusanya pia funguo nne. Katika nyumba ambayo kompyuta moja hutumiwa na watu watano, yeyote anayeifungua anaweza kusoma yote. Njia nzuri ni kila mtu kuwa na sehemu yake ya kuingilia katika kompyuta. Aidha, Thunderbird inaweza kuwekewa neno kuu la siri linalolinda maneno mengine yote yaliyohifadhiwa humo.

Barua zilizonakiliwa nazo zinahitaji nakala ya akiba. Thunderbird huweka barua na mipangilio yake yote katika folda moja kuu. Programu ikiwa imefungwa, folda hiyo inaweza kunakiliwa nzima kwenye diski ya nje na kuwekwa mahali pengine salama. Kompyuta ikiharibika, folda hurejeshwa katika kompyuta mpya na barua huonekana kama zilivyokuwa.

Inafaa pia kutofautisha kuondoa akaunti katika programu na kuifuta akaunti yenyewe. Akaunti ya IMAP ikiondolewa kwenye Thunderbird, barua zake zinabaki kwenye seva. Akaunti ya POP ikiondolewa pamoja na data zake, huenda nakala pekee iliyokuwapo ikaondoka.

Kwa anayeanza, karatasi moja inatosha. Aandike anwani zake zote, na mbele ya kila moja aandike nani huitumia, ni huduma zipi zimeandikishwa kwayo, barua zake zinakaa wapi, na lini inaweza kufungwa. Programu itamkusanyia barua mahali pamoja, lakini haitamwambia ni anwani ipi inayokaribia mwisho wake. Hilo litaonekana katika karatasi hiyo, iwapo itatazamwa upya kila mwaka.