Nyuzi za Plastiki Katika Maji ya Kufulia: Sheria Yaweza Kufanya Nini?

Nguo ya poliesta au akriliki inapofuliwa hupukutisha nyuzi nyembamba mno. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki zaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa ufuaji mmoja. Mitambo ya kusafisha majitaka hunasa nyingi kati ya hizo. Lakini zilizonaswa hubaki katika tope, na tope hilo mara nyingi hupelekwa mashambani kuwa mbolea.

Mgonjwa akiuliza kama plastiki hizi zinamdhuru, ajibiwe kwa uangalifu. Mwaka 2024 watafiti nchini Italia walieleza habari za wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa mikubwa ya shingo. Wagonjwa 150 walikutwa na poliethilini katika utando wa mafuta uliotolewa, na katika ufuatiliaji wa takriban miezi 34 hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kifo ilikuwa zaidi ya mara 4 ya wenzao. Huo ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo. Tena poliethilini ni plastiki ya mifuko, si ya mashati. Hofu isitangulie ushahidi, ila kungoja ushahidi kamili si sababu ya kuacha uchafu uendelee kumwagika.

Ufaransa haikungoja. Sheria yake ya Februari 2020 iliagiza mashine mpya za kufulia ziwe na chujio au njia nyingine ya kunasa nyuzi kuanzia Januari 2025. Jimboni California, mswada wa namna hiyo ulipita bungeni mwaka 2023, kisha gavana akaukataa kwa hoja ya gharama kwa wanunuzi. Hata hivyo, katika mji mdogo wa Parry Sound, Kanada, kaya 97 zilipofungiwa vichujio, nyuzi zilipungua katika maji yaliyotoka kwenye mtambo wa mji mzima.

Udhaifu wa sheria hizi ni kwamba haziwagusi wanaofua kwa beseni, ambao kwetu ndio wengi. Kwa maoni yangu, kanuni inayombana mtengenezaji wa kitambaa kiwandani ingewafikia wote.

Mwenye mashine aijaze vizuri, atumie maji baridi na mzunguko mfupi. Akiwa na chujio, uchafu wake autie katika pipa la taka; akiusuuzia kwenye sinki, nyuzi zote zitarudi zilikokuwa zikielekea.