Kimo kifupi si sababu ya kukimbilia kushusha pikipiki

WAENDESHAJI wengi wa kimo kifupi, wanaume kwa wanawake, hupatwa na hofu moja wanapokalia pikipiki kwa mara ya kwanza. Miguu haifiki chini sawasawa.

Baadhi yao huenda moja kwa moja kwa fundi wa jua kali na kumtaka akishushe chombo hicho. Kazi yenyewe huchukua saa chache tu, lakini athari zake huandamana na dereva pamoja na abiria wake kila siku barabarani.

Je, ni busara kufanya hivyo? Kwa wengi, kushusha springi kunafaa kuwa hatua ya mwisho, wala si ya kwanza.

Ni kweli kwamba hofu hiyo ina msingi. Pikipiki inapokwenda husimama wima kwa nguvu ya mwendo wake. Inaposimama, uzani wote humwegemea dereva. Pikipiki nyingi za kubebea abiria nchini zina uzani wa zaidi ya kilo 100. Ukiongeza abiria na mzigo wake, mguu unaogusa ardhi kwa ncha za vidole tu unaweza kushindwa.

Hata hivyo, kimo hakizuii mtu kuimudu pikipiki. Dani Pedrosa wa Uhispania, ambaye kimo chake ni takriban sentimita 160, alishinda mbio 31 za daraja la MotoGP. Mwenzake Ana Carrasco, aliye mfupi zaidi, alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 mnamo 2018.

Bila shaka uwanja wa mashindano hauna matuta, matatu wala abiria anayepanda ghafla. Kwa hivyo, anachohitaji mwendeshaji mfupi wa mjini ni ustadi wa kusimama.

Si lazima nyayo zote mbili zikanyage chini. Inatosha mguu wa kushoto ukanyage imara, huku wa kulia ukibaki kwenye breki ya nyuma. Dereva husogeza kiuno kidogo upande wa kushoto wa kiti, na mguu huo ukapata urefu zaidi.

Aidha, ni muhimu kuchagua mahali pa kusimama. Shimo, mchanga au ukingo wa barabara ulioliwa na maji humwangusha hata mrefu. Naye abiria asipande wala kushuka kabla dereva hajamwambia yuko tayari.

Iwapo tatizo lingali lipo, kiti ndicho cha kuanza nacho. Mara nyingi kinachomzuia mtu ni upana wa kiti, kwani mapaja yakitanuliwa miguu hupoteza urefu. Fundi wa viti anaweza kupunguza sponji na kuyachonga mabega ya kiti upande wa mbele. Viatu vya soli nene na imara pia husaidia.

Kazi ya kiti haigusi springi wala magurudumu, na asiyeridhika anaweza kurejesha kiti cha awali.

Kushusha springi ni jambo jingine. Kwa kawaida fundi hufunga springi fupi nyuma, au hupandisha nguzo za springi za mbele ndani ya vishikio vyake ili usukani ushuke.

Tatizo la kwanza ni nafasi iliyoko chini ya injini. Sentimita 3 zinazompunguzia dereva hofu ndizo zilizokuwa zikiikinga injini na bomba la moshi dhidi ya matuta na mawe ya barabara za vumbi.

Pili, springi fupi hubakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea. Pikipiki ikibeba abiria na gunia, gurudumu la nyuma huweza kugusa bamba la kuzuia matope kila inapoingia shimoni.

Tatu, mizani ya chombo hubadilika. Ukishusha nyuma pekee, usukani huwa mzito na sehemu ya mbele hupoteza mshiko, nayo taa huelekea juu na kuwapofusha wanaokuja. Ukishusha mbele pekee, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na pikipiki huyumba katika mwendo wa kasi.

Nne, stendi ya pembeni hugeuka kuwa ndefu mno. Pikipiki husimama karibu wima, na upepo au mtoto akiigusa huanguka upande wa pili. Ni lazima stendi hiyo ikatwe na kuchomelewa upya.

Isitoshe, wahudumu wengi wa bodaboda huendesha pikipiki za mkopo au za tajiri. Kubadilisha springi bila idhini ya mwenye mali kunaweza kuzua mgogoro, na kampuni ya bima ikigundua mabadiliko ambayo haikuarifiwa inaweza kuleta pingamizi siku ya kudai fidia.

Wapo wanaohitaji kushushiwa pikipiki, hasa wenye miguu mifupi sana au ulemavu. Hao wahakikishe kwamba mbele na nyuma zimeshushwa kwa kipimo kinacholingana, stendi imefupishwa, taa imeelekezwa upya na mnyororo umekazwa sawasawa. Kisha waijaribu pikipiki ikiwa na mzigo, mahali pasipo na magari, kabla ya kumbeba mtu yeyote.

Kwa anayenunua, dawa ni kuikalia pikipiki dukani akiwa amevaa viatu vyake vya kazi. Zipo zilizotengenezwa zikiwa fupi, kwa mfano Honda Rebel, ambayo kiti chake kiko sentimita 69 kutoka ardhini. Kuchagua inayokufaa ni nafuu kuliko kuikatakata isiyokufaa, na abiria aliye nyuma yako hatabeba hatari asiyoijua.