Upepo Ndani ya Breki

Gereji yoyote ya mtaani utazisikia sauti mbili zikipokezana, ya fundi aliye chini ya gari na ya kijana aliyekaa kwenye usukani. "Pampu! Pampu! Shika hapohapo!" Wanatoa upepo kwenye breki. Jumamosi moja nilikuwa peke yangu uani, nimeshabadilisha mpira wa breki uliopasuka, na pedali inazama hadi chini kama nakanyaga sponji.

Breki hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakibanwi kikasinyaa. Mfaransa Blaise Pascal alieleza jambo hilo katika karne ya 17: ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo husambaa sawasawa kila upande. Chukua mfano wa pistoni ya masta silinda yenye upana wa milimita 20 na ile ya gurudumu yenye milimita 54. Ya pili ina eneo zaidi ya mara saba, kwa hiyo husukuma kwa nguvu zaidi ya mara saba. Hewa, kinyume chake, hubanwa. Likiwemo povu ndani ya bomba, mguu humaliza safari yake ukilibana povu, na pedi hazijashika diski barabara.

Nilitafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa ya maji. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu mengine yamewekewa vigingi. Usilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nilichomeka mpira kwenye nati ndogo ya kutolea upepo, ncha ya pili nikaizamisha katika mafuta mapya ya breki ndani ya chupa. Siri yote iko hapo: pedali ikirudi, kinachofyonzwa ni mafuta, si hewa. Nikalegeza nati kidogo tu, kwa maana ikilegea sana hewa hupenya kwenye nyuzi zake, kisha nikaenda kukanyaga taratibu.

Yalitoka mapovu madogo kama ya soda, likafuata moja kubwa, halafu mafuta matupu. Kila baada ya mara chache nilichungulia kopo la mafuta chini ya boneti. Likikauka, hewa huingia upya na kazi huanza mwanzo. Na kama upepo umeshaingia kwenye kifaa cha ABS, njia hii huenda isitoshe; mara nyingi huhitaji kompyuta ya fundi.

Rangi ndiyo iliyonishtua. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mafuta ya DOT 3 hunywa unyevu wa hewani, na sisi wa pwani tunao mwingi. Yakiwa mapya, kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Sasa fikiria mteremko wa Kitonga, ukitoka Iringa. Gari la kilo 1,200 likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa nishati ya kukaribia kuchemsha lita moja ya maji ya bomba. Kila mita 100 za kimo linazoshuka, nishati ni karibu mara nne ya hiyo, na dereva asiyeweka gia ndogo huitwika breki mzigo karibu wote. Mafuta mabovu yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke nao hubanwa kama hewa. Pedali inazama katikati ya mlima.

Nilikaza nati, nikafuta matone kwa maji mengi maana mafuta haya hubabua rangi ya gari, nikazunguka magurudumu yote. Pedali ikagoma juu, ngumu. Nilipowasha injini ikashuka kidogo chini ya mguu, kama inavyotakiwa: ni busta imeanza kunisaidia kusukuma. Nikalisogeza gari mwendo wa kutambaa hadi getini, nikakanyaga. Likasimama palepale.